Siri za pongo dume wa usiku: Uwindaji wa Meru na Embu, tangu mshale hadi kamera

MKULIMA anayeishi kando ya msitu wa Imenti huko Meru, au kwenye kingo za mto Rupingazi huko Embu, huenda akamaliza mwaka mzima bila kumwona pongo dume kwa macho yake, ilhali asubuhi baada ya asubuhi hukuta nyayo zake katikati ya matuta ya maharagwe. Mnyama huyo yupo, tena yupo karibu. Ila amejifunza kuishi katika saa ambazo binadamu amelala.

Tabia hiyo ndiyo iliyowasumbua wawindaji wa kila zama. Mwindaji wa jadi aliyebeba podo la mishale, mzungu aliyekuja na leseni na bunduki, jangili wa leo mwenye tochi na waya, na hata mtafiti anayetaka kuhesabu wanyama bila kuwadhuru, wote wamekabiliwa na swali lilo hilo: Dume aliyekomaa, asiyetoka ila usiku, hupatikana vipi?

Jibu lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mbinu zilizofaulu siku zote zimetokana na kumjua mnyama, si kumfukuza. La pili ni chungu zaidi: mbinu nyepesi za usiku zilipoenea, hazikumnasa dume mmoja mzee bali zilimaliza vizazi vizima, na mfano ulio wazi ni bongo wa Mlima Kenya. Makala haya yanaeleza wanyama wenyewe, maisha yao ya gizani, jinsi walivyowindwa, sheria inavyosema, na namna wanavyotafutwa siku hizi.

Ni vyema kumkumbusha msomaji mapema kwamba uwindaji wa wanyamapori hawa ni haramu nchini Kenya tangu mwaka wa 1977.

PONGO, TANDALA NA BONGO

Swala watatu wa ukoo mmoja, wote wenye pembe za kujipinda, ndio wanaohusika hasa na mada hii katika eneo la Meru na Embu.

Wa kwanza ni pongo, ambaye sehemu nyingine za Afrika Mashariki huitwa mbawala au kulungu. Ni mnyama wa vichaka vilivyo karibu na maji: kingo za mito, mabonde, na ukingo wa msitu unaopakana na mashamba ya chai na kahawa. Dume ana uzito wa kati ya kilo 40 na 80. Yeye peke yake ndiye mwenye pembe, jike hana. Rangi yake hukolea kadiri anavyozeeka, hata dume mkongwe akaonekana karibu mweusi, hasa shingoni na kifuani. Akishtuka hubweka kama mbwa, na wengi huisikia sauti hiyo usiku bila kujua ni ya nani.

Wa pili ni tandala mdogo. Huyu ni wa nyanda kame za chini: Mbuga ya Kitaifa ya Meru, Tharaka na Mbeere, penye vichaka vya miiba. Dume hufikia takriban kilo 100, na ana mistari myeupe ubavuni. Anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji kwa kuwa hupata unyevu katika majani anayokula. Kwa hiyo kumvizia penye kisima si jambo la hakika.

Wa tatu ni bongo wa milimani, mkubwa kuliko wenzake na adimu kuliko wote. Dume huweza kupita kilo 300. Mwili wake una rangi ya hudhurungi iliyoiva, na mistari myeupe 10 hadi 15. Dume na jike wote wana pembe. Aina hii ya bongo haipatikani porini katika nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, katika misitu ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Eburu.

Wote watatu hawategemei mbio kama swala wa mbugani. Kinga yao ni kujificha. Na kwa wote, dume aliyekomaa mara nyingi huishi peke yake, bila kundi la kumpigia mbiu hatari inapokuja. Hivyo hana budi kuwa mwangalifu maradufu.

KWA NINI USIKU?

Sehemu ya jibu ni maumbile. Wanyama hawa hucheua. Hula kwa saa kadhaa, kisha hulala mahali pa siri wakitafuna tena walichomeza. Jua kali huwafanya wapendelee alfajiri na machweo. Chui, adui yao mkubwa, naye huwinda zaidi gizani, kwa hiyo usiku si salama kwao hata kidogo.

Kwa nini basi wauchague? Kwa sababu binadamu ni hatari kuliko chui. Mwaka wa 2018, jarida la Science lilichapisha uchunguzi ulioongozwa na Kaitlyn Gaynor wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 76 kuhusu aina 62 za mamalia katika mabara sita. Waligundua kwamba penye watu wengi, wanyama huongeza shughuli zao za usiku kwa kiwango cha mara 1.36. Kwa maneno mepesi, mnyama aliyekuwa akigawa shughuli zake nusu mchana na nusu usiku, huhamishia usiku asilimia 68 ya shughuli hizo. Na hilo lilionekana hata pale ambapo watu hawakuwa wakiwinda, bali walipita tu, walilima au walichunga.

Dume mkongwe ndiye kilele cha tabia hiyo. Wenzake waliozoea kutoka mapema wakati wa mwangaza waliuawa wakingali wachanga. Yeye amebaki kwa sababu alichelewa kutoka na kuwahi kurudi. Uzee wake wenyewe ni ushahidi wa hadhari yake.

Eneo hili lina jambo jingine la kipekee. Ikweta hupita karibu na mji wa Meru, na usiku huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima. Katika nchi za kaskazini mambo ni tofauti. Huko Marekani, wawindaji wa paa husubiri msimu wa kupandana, hasa mwezi wa Novemba, kwa kuwa madume husahau hadhari na kuzurura mchana wakitafuta majike. Pongo wa ikweta huzaana wakati wowote wa mwaka. Hakuna wiki maalumu ambayo dume wa Imenti hupoteza akili. Anayetumai kwamba atajitokeza mchana kwa ajili ya mapenzi atasubiri sana.

RATIBA YA DUME

Hata hivyo, anayeishi usiku si kwamba hana ratiba. Pongo ana eneo dogo la kuishi, na hulitumia kwa mazoea. Mchana hulala katika kichaka kizito, aghalabu mahali palipoinuka kidogo ambapo anaweza kunusa na kusikia kabla ya kuonekana. Machweo yanapoingia husimama, akakaa kimya akisikiliza, kisha akafuata njia ile ile aliyoipita jana na juzi.

Hula majani ya vichaka, machipukizi, maua na matunda. Huonekana pia akiwafuata nyani na tumbili ili kuokota matunda wanayoyaangusha. Penye shamba karibu, kunde na maharagwe machanga ni karamu kwake. Kabla ya kupambazuka huwa amekwisha rudi.

Kwa hiyo dume anayeharibu shamba kwa kawaida si mgeni wa kutoka mbali. Analala karibu, pengine katika kichaka kinachoonekana kutoka uani. Mkulima anayekifahamu kichaka hicho amekwisha pata nusu ya jibu.

WAZEE WALIVYOWINDA

Kabla ya ukoloni, jamii za eneo hili zilikuwa na wataalamu wa porini. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Ameru, aliandika kuhusu Aathi, wawindaji wa misitu ya Mlima Kenya. Walikuwa na miiko yao na laana walizotumia kulinda maeneo yao ya kuwinda. Mtu asiye wa kundi lao alipokuta alama zao msituni alirudi nyuma kwa hofu. Kwa njia hiyo, iwe ni kwa kukusudia au la, kulikuwa na sehemu za msitu ambazo hazikuingiwa na kila mtu.

Katika nyanda za chini, Watharaka na Wambeere walisifika kwa upinde na mshale wa sumu. Sumu ya mishale ya Afrika Mashariki hutokana hasa na mti wa msunguti. Magome na vipande vya mti huchemshwa kwa muda mrefu mpaka ubaki mchuzi mzito mweusi kama lami. Ndani yake mna kemikali iitwayo ouabain, ambayo husimamisha moyo. Mshale uliopakwa sumu ulifungwa kwa ngozi laini ili sumu isikauke. Mnyama akianguka, nyama ya kuzunguka jeraha ilikatwa na kutupwa, na iliyosalia ikaliwa.

Mshale hauendi mbali kama risasi. Mwindaji alilazimika kukaribia, na kumkaribia dume wa usiku kulitaka maarifa. Kwanza alijua upepo. Katika miteremko ya mlima hewa hupanda mchana ardhi inapopata joto, na hushuka usiku inapopoa. Maana yake ni kwamba baada ya jua kutua, harufu ya mtu aliye juu humfikia mnyama aliye chini. Mwindaji mwenye busara alikaa upande wa chini wa njia.

Pili, alijua saa. Hakuingia kichakani kumfuata dume, kwa maana dume angemsikia na kuhama. Alimngoja katika zile dakika chache za machweo au mapambazuko, mahali njia inapotoka kichakani. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, walisema wahenga.

Tatu, alijua shamba. Katika mashamba ya mtama na wimbi vijana walikesha juu ya dungu wakifukuza wanyama na ndege waharibifu. Waliolinda shamba usiku kucha walijua mnyama gani huja saa ngapi na hutokea wapi. Ulinzi na uwindaji vilikuwa elimu moja.

Mbinu nyingine zilikuwa mashimo yaliyofunikwa kwa matawi juu ya njia za wanyama, mitego ya kamba za mimea, na mbwa. Hizi hazikuchagua dume wala jike. Lakini watu walikuwa wachache, vifaa vilichukua muda kutengenezwa, na kamba ya mmea huoza.

BUNDUKI NA LESENI

Ukoloni ulileta mpango mwingine. Mitego na mishale ya sumu ya Waafrika ilipigwa marufuku, na uwindaji wao ukaitwa ujangili. Wakati huo huo wageni waliuziwa leseni. Mwaka wa 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani mwaka huo kama Rais wa Marekani, aliwinda katika eneo la Mlima Kenya na kufika Meru akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi.

Mwindaji wa leseni alitafuta pembe ndefu, na pembe ndefu ziko kwa dume mzee. Kanuni za uwindaji wa aina hiyo zilijengwa juu ya wazo kwamba dume aliyepita umri wa kuzaa anaweza kuondolewa bila kudhoofisha kizazi. Ndiyo sababu nchi zinazoruhusu uwindaji huweka masharti ya umri, jinsia na saa. Nchini Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa, simba dume anayewindwa na watalii anatakiwa awe ametimiza miaka sita, na sheria inakataza kuwinda gizani kwa kutumia taa. Katika majimbo mengi ya Marekani, saa za kumwinda paa huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kukoma nusu saa baada ya kutua.

Sababu ya kukataza usiku si huruma tu. Gizani mwindaji hawezi kupima umri wala kutofautisha dume na jike kwa uhakika. Hawezi kuona kilicho nyuma ya shabaha yake, pengine ni mtu au ng'ombe. Na mnyama aliyejeruhiwa usiku hupotea akafa mbali, bila faida kwa yeyote.

Nchini Kenya mjadala huo ulikatizwa Mei 1977, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipopiga marufuku uwindaji wote wa burudani kwa Tangazo la Kisheria Nambari 120. Mwaka uliofuata, biashara ya bidhaa za wanyamapori nayo ilipigwa marufuku. Mswada wa mbunge G.G. Kariuki wa mwaka 2004, ambao ungefungua tena mlango wa matumizi ya wanyamapori, ulikosa sahihi ya Rais Mwai Kibaki.

TOCHI, MBWA NA WAYA

Marufuku hayakumaliza uwindaji. Yaliuhamishia usiku, kama vile watu walivyowahamishia wanyama usiku. Mbinu tatu za ujangili zinastahili kuelezwa ili msomaji aelewe madhara yake.

Tochi. Nyuma ya jicho la swala mna utando unaorudisha mwangaza, ndio unaomwezesha kuona katika giza. Utando huo huo ndio unaoyafanya macho yake yang'ae kwa mwangaza wa tochi. Mnyama huduwaa kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo humtosha mwenye panga. Hadhari yote ya dume, aliyoijenga kwa miaka, huvunjwa na kifaa cha bei ndogo kinachouzwa katika kila duka la kijijini.

Mbwa. Pongo dume akizingirwa na mbwa hageuki kukimbia tena. Husimama mgongo ukiwa kichakani na kupigana kwa pembe, na amewahi kuua mbwa wengi. Bongo naye husimama vivyo hivyo. Ujasiri huo unaomfaa mbele ya chui humwangamiza mbele ya watu wenye mikuki wanaowafuata mbwa.

Waya. Tanzi la waya hufungwa mtini kwenye njia ya mnyama na kuachwa. Waya hauozi kama kamba ya mmea. Aliyeutega anaweza kusahau ulipo, nao ukaendelea kuua. Mtego wa panya, waswahili husema, huingia waliomo na wasiokuwamo: dume, jike mwenye mimba, ndama, hata chui na ndovu mchanga hunasa. Anayesema anatega dume peke yake anajidanganya.

Athari zinaonekana katika hesabu. Uchunguzi wa Joseph Ogutu na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2016, ulionyesha kwamba idadi ya wanyamapori katika nyanda za malisho za Kenya ilipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016. Tandala mdogo alitajwa miongoni mwa waliopungua zaidi, kwa kati ya asilimia 72 na 88. Ujangili si sababu pekee. Kuongezeka kwa watu, mifugo, mashamba na nyua kumechangia pia. Lakini takwimu hizo ni za miaka ile ile ambayo uwindaji ulikuwa haramu.

HATIMA YA BONGO

Ikiwa kuna mnyama ambaye usiku haukumwokoa, ni bongo. Aliishi katika mianzi na misitu mizito, akitoka gizani, na wawindaji mashuhuri walitumia miezi bila kumwona. Kujificha kwake kulimfaa dhidi ya mtu mwenye bunduki. Hakukumfaa dhidi ya mbwa na waya, wala dhidi ya ukataji wa miti na magonjwa ya mifugo iliyoingizwa msituni.

Leo shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha bongo wa milimani miongoni mwa wanyama walio hatarini kabisa kuangamia. Wanaosalia porini wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Walio katika bustani za wanyama za ng'ambo ni wengi kuliko walio katika nchi yao.

Juhudi za kumrejesha zimefanyika kwa hatua. Mwaka wa 2004, bongo 18 kutoka bustani za Marekani waliletwa karibu na Nanyuki, katika hifadhi iliyo chini ya Mlima Kenya. Machi 2022, hifadhi ya Mawingu ilifunguliwa huko ili bongo waliozaliwa kizuizini wajifunze kuishi msituni wenyewe. Kisha Februari 2025, bongo 17 walisafirishwa kwa ndege kutoka Florida wakapelekwa Kaunti ya Meru. Kwa mara nyingine, Meru ina jukumu la kumlinda mnyama ambaye misitu ya mlima huo ilimpoteza.

Changamoto kubwa ni kwamba bongo wa kizuizini amemzoea binadamu. Hadhari ile ambayo dume wa porini hurithi na kujifunza, yeye hana. Wahifadhi wanatumia miaka kumfundisha kumwogopa mtu, yaani kumrudishia usiku wake.

SHERIA NA MKULIMA

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inakataza kuwinda kwa burudani, kuwinda kwa chakula na kufanya biashara ya nyama ya porini. Ilipopitishwa, iliweka faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kuangamia. Anayesema alitega pongo akamnasa bongo hatapata nafuu kwa kisingizio hicho.

Lakini sheria hiyo pia inampa mkulima haki. Mtu akiuawa na mnyamapori aliyetajwa katika orodha ya sheria, familia yake inastahili fidia ya Sh5 milioni. Ulemavu wa kudumu ni Sh3 milioni. Uharibifu wa mimea hukadiriwa kwa bei ya soko, na madai hupitia kamati ya fidia ya kaunti. Yapo masharti mawili ambayo wengi hawayajui. Kwanza, si kila mnyama anayekula kunde yumo katika orodha. Ndovu na nyati wamo. Pili, fidia inaweza kukataliwa ikiwa mwenye shamba hakuchukua hatua za kutosha kulilinda.

Malalamiko kwamba fidia huchelewa ni ya kweli na ya muda mrefu, na hayawezi kupuuzwa. Mtu aliyepoteza chakula cha watoto wake kwa usiku mmoja halishwi na fomu. Hapo ndipo waya unapokuwa kishawishi. Ni wajibu wa serikali kuondoa kishawishi hicho kwa kulipa mapema, jinsi ilivyo wajibu wa raia kutotega.

Kwa pongo, hatua nyepesi husaidia. Kichaka kinachogusa shamba kikifyekwa, dume hulazimika kuvuka uwanda wazi, jambo asilolipenda. Ua wa miiba uliosukwa vizuri kuanzia chini humzuia, kwa kuwa hupenda kupenya chini kabla ya kufikiria kuruka. Kunde na maharagwe yakipandwa karibu na boma, na mimea asiyoipenda ikawekwa upande wa msitu, hasara hupungua. Kwa ndovu, ua wa umeme ndio tegemeo. Ujenzi wa ua wa kuuzunguka msitu wa Mlima Kenya ulianza mwaka wa 2012. Katika Hifadhi ya Mwea huko Mbeere, yenye ukubwa wa kilomita 42 za mraba tu, ndovu walizidi uwezo wa eneo, na Oktoba 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilihamisha 50 kati yao hadi Aberdare.

KUMTAFUTA DUME LEO

Maarifa ya wazee hayakupotea. Yamehamia kwa walinzi wa misitu, watafiti na vijana wanaowaongoza watalii. Tofauti ni kwamba badala ya mshale, wanatumia kamera inayofungwa mtini na kujipiga yenyewe mnyama anapopita. Haya ndiyo mambo ya msingi kwa anayetaka kumpata dume wa usiku kwa picha au kwa hesabu, kwa idhini ya KWS au ya Huduma ya Misitu, KFS:

1. Soma ardhi kwanza. Baada ya mvua, pita njia za wanyama mchana na utafute nyayo mpya, kinyesi, na vichaka vilivyovunjwa kwa pembe. Madume husugua pembe kwenye miti midogo na udongo.

2. Tafuta mlango, si nyumba. Weka kamera mahali njia inapotoka kichakani au inapovuka kijito, si pale dume anapolala. Ukimkuta malaloni atahama.

3. Kumbuka upepo. Ingia na utoke ukiwa upande ambao hewa haimpelekei harufu yako. Mchana hewa hupanda mlima, usiku hushuka.

4. Funga kamera kwenye usawa wa goti la mtu mzima, ikitazama kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiipofushe. Tumia mwangaza usioonekana kwa macho.

5. Punguza ziara. Kila unapokwenda kutazama picha unaacha harufu. Majuma mawili ya utulivu hutoa picha nyingi kuliko kutembelea kila siku.

6. Tambua mmoja mmoja. Madoa ya pongo na mistari ya bongo hutofautiana kati ya mnyama na mwenzake, kama alama za vidole. Pembe na weusi wa mwili hueleza umri wa pongo dume.

7. Linda habari. Picha yenye kuonyesha mahali hasa alipo dume mkubwa isisambazwe. Jangili naye anasoma.

Anayekuta tanzi la waya asiliache wala asijaribu kumfungua mnyama aliyenasa peke yake, maana dume aliyejeruhiwa ni hatari. Atoe habari kwa afisa wa KWS aliye karibu. Vivyo hivyo kwa nyama inayouzwa kwa siri: mbali na kuvunja sheria, haijapimwa na daktari wa mifugo, na kimeta hakionekani kwa macho.

Wawindaji wa zamani walimheshimu dume wa usiku kwa kuwa aliwashinda mara nyingi. Ushindi huo ulikuwa wa haki, akili kwa akili, na uliacha wanyama msituni kwa ajili ya wana na wajukuu. Tochi na waya haviulizi akili wala haviachi kitu. Bongo wamelazimika kurudi Meru kwa ndege kutoka ng'ambo. Pongo bado wanajitembelea wenyewe kila usiku kando ya Rupingazi, Thuchi na Kathita. Iwapo watakuwepo miaka 20 ijayo kutategemea kama waya utatolewa njiani, na kama mkulima anayewavumilia atalipwa kwa wakati.